Fundi Eliufoo na Valvu ya Breki za Nyuma

Jumapili ile Fundi Eliufoo alipomvunja kaka yake taya mbele ya kanisa, Masama nzima, kwao mlimani, ilisema ni ugomvi wa kihamba, shamba la ukoo. Ndivyo wanavyosema huko kila ndugu wawili wakishikana mashati. Mimi nilikuwepo, nimesimama hatua nne kutoka kwao na mkungu wa ndizi mkononi, na ninasema hapana. Walipigana kwa ajili ya valvu moja ya breki, kitu kinachoenea kwenye kiganja, na valvu yenyewe niliiuza mimi.

Naitwa Hajira, wengi huniita Mama Sophia. Nina kontena la vipuri Pasua, Moshi mjini, na mdomo wangu unajulikana kuliko bidhaa zangu. Kwa miaka kumi na tisa Eliufoo amefanya kazi mbele ya kontena hilo. Ni fundi breki tu. Injini hagusi, gia hagusi, ukimletea gari linalotoa moshi anakuonyesha kwa kidevu fundi mwingine. Ni mfupi, mpana, shingo hana, na akikanyaga pedali ya breki mara moja anakwambia ugonjwa ulipo kabla hujamaliza kulalamika. Wenye magari wanatoka Arusha kumfuata.

Na alikuwa anapiga. Sitalizunguka hilo, maana tumelizunguka vya kutosha. Mwenye Fuso mmoja alimwamuru arudishe pedi zilizokwisha ili gari liwahi mzigo. Eliufoo alimpiga nazo kwenye paji la uso, akashonwa nyuzi sita. Mwingine aliondoa gari bila kusubiri lijaribiwe, spana ikamfuata na kuingia ndani kwa kupitia kioo cha nyuma. Sisi wa gereji tulicheka. Tulisema ni mkali wa kazi, hataki damu ya watu. Mkewe Stella alipoondoka na mkono kwenye plasta, akarudi kwao Mkuu, Rombo, tulisema Stella naye ana maneno mengi. Mimi nilisema hivyo pia, tena kwa sauti.

Baba yao Eliufoo aliacha vijana watatu, kihamba kimoja na Landrova moja ndefu ya mwaka sitini na nane. Kwa desturi yao, mtoto wa kwanza anagawiwa shamba, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati anapata baraka. Eliufoo ni wa katikati. Wa kwanza, Ebenezeri, mzee wa kanisa, alipata shamba, na Landrova pia. Wa mwisho, Sifael, anapandisha wageni mlimani na anaishi na mama yao, Bibi Elinipendo. Eliufoo alishuka mjini na mfuko wa spana.

Landrova ile ilikuwa na breki za zamani, zile za viatu vinavyotanuka ndani ya ngoma ya chuma. Kwenye mteremko mrefu zinashika moto, na zikishika moto zinakataa kazi. Mwaka juzi, siku ya soko, Ebenezeri alikuwa anashuka na mikungu sitini nyuma, mama yake kiti cha mbele. Kabla ya daraja breki zilikataa. Muuzaji mmoja, Mama Eliona, alikuwa ameketi kando ya barabara na parachichi zake. Bampa lilimkuta kifuani, likamkokota hadi kwenye ukuta wa daraja na kumbana hapo. Watu waliofika walimtoa vipande viwili, kisha wakageuka kwa dereva. Jiwe lilimpasua Ebenezeri sikio, rungu likamvunja mbavu tatu, na Bibi Elinipendo aliona yote hayo akiwa bado kwenye kiti, vioo vimemjaa mapajani. Polisi wasingefika wakati ule, wangemchoma.

Alipopona ndipo alipoileta Landrova kwa mdogo wake. Walikuwa hawajaongea miaka mitano. Ebenezeri alisimama mbele ya kontena langu na kofia mkononi.

"Niwekee breki za diski," alisema. "Mama ana kliniki ya sukari kila Jumanne. Sitaki kuua mtu tena."

Eliufoo alijilaza chini ya gari, akakaa huko nusu saa, akatoka na kusema, "Iache."

Kubadilisha breki za ngoma kuwa diski, watu wanadhani ni kufunga diski na pedi mbele basi. Hizo ndizo kazi rahisi. Kichwa kinauma kwenye valvu. Tuliketi siku nzima kwenye benchi langu tukibishana. Ya kwanza ilikuwa valvu ndogo iliyofichwa ndani ya silinda kuu ya zamani, inayobakiza presha kidogo kwenye mabomba ili viatu visirudi mbali. Kwa ngoma ni sawa. Kwa diski ni moto, maana pedi hazitaachia. Eliufoo aliiondoa ya mbele, akaiacha ya nyuma, kwa kuwa nyuma ngoma zinabaki.

Ya pili ndiyo iliyotugombanisha. Gari likifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele na nyuma panakuwa pepesi. Ukipeleka nyuma presha sawa na ya mbele, tairi za nyuma zinafunga mapema, zinateleza, na matako ya gari yanataka kuupita uso wake. Kwa hiyo lazima iwepo valvu ya kupunguza presha inayokwenda nyuma. Nilikuwa nayo moja ya pikapu, yenye mkono wa chuma unaoshuka hadi kwenye ekseli ili ipime mzigo yenyewe. Ilikuwa dukani mwaka wa tatu, inanikodolea macho.

"Chukua hii, Fundi. Inajifikiria yenyewe, tofauti na wewe."

"Mama Sophia, hiyo imepimwa kwa springi za gari jepesi. Itaidanganya Landrova."

"Basi danganyika kidogo. Nitakupunguzia."

Alinitupia ile valvu. Hakuirusha polepole. Ilipita karibu na sikio langu ikagonga bati la kontena, na alama ipo hadi leo. Nilimtukana na yeye akanitukana, kisha nikapiga simu Dar es Salaam kuagiza ya kuzungusha kwa mkono, anayoitaka. Unaifungua au kuifunga mwenyewe mpaka upate kipimo cha gari lako.

Tuliijaribu Mabogini, kwenye barabara iliyonyooka katikati ya majaruba ya mpunga, mvua imetoka kunyesha. Landrova ilikuwa tupu. Yeye aliendesha na kukanyaga breki kwa nguvu zote, mimi nilisimama kando kuangalia tairi zipi zinafunga kwanza. Alirudia mara ishirini. Mizunguko mitatu na nusu, hapo za mbele zilitangulia kidogo kuliko za nyuma na gari likasimama limenyooka. Akaifunga valvu kwa waya na kuupiga muhuri wa madini ya risasi. Aliiweka ndani, chini ya dashibodi upande wa abiria, matope yasiifikie.

"Ikiwa na mzigo utaona breki nzito," alimwambia Ebenezeri. "Kanyaga zaidi. Nimeipimia ikiwa tupu, kwa sababu tupu ndiyo inayoua."

Bibi Elinipendo alikuwepo. Ana miaka sabini na nane, na katika ukoo wao ndiye anayeogopwa kwenye zamu za mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani unaopita shamba kwa shamba. Aliwahi kumvunja jirani kidole kwa mpini wa jembe kwa kuwafungia maji wa chini. Ukali Eliufoo hakuuokota barabarani. Aliuliza kile kidude mbele ya magoti yake ni cha nini.

"Ni kama lango la mfongo, mama," Eliufoo alimjibu, akifuta mikono. "Breki za mbele zinakunywa kwanza, za nyuma zinapata kidogo."

Bibi aliinama akakitazama kile kidude.

Ilipita miezi miwili. Ikafika Jumapili ya mavuno, mwezi wa nne, mvua za masika. Baada ya ibada huwa wananadi sadaka nje ya kanisa, ndizi, kuku, mayai, maziwa. Mimi ni Mwislamu, lakini ndizi hazina dini na bei yao ni nzuri, kwa hiyo nilipanda na Eliufoo. Ebenezeri ndiye aliyekuwa ananadi, amemnyanyua jogoo mwekundu juu ya vichwa vya watu. Eliufoo alikwenda kwenye Landrova kumwamkia mama yake aliyekwisha kuingia akisubiri kuondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Kisha nilimwona anainama, anachungulia chini ya dashibodi, na mgongo wake ukabadilika. Waya ulikuwa umekatwa. Valvu ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Nyuma ya gari hapakuwa na hata mkungu mmoja, barabara ya kushuka ilikuwa utelezi mtupu, na mama yake amefunga kilemba chake tayari kwa safari.

Alitembea katikati ya watu moja kwa moja.

"Nani amekata waya?"

Ebenezeri aliduwaa na jogoo wake hewani. Alitazama upande wa Landrova, kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa, nikadhani anatafuta uongo. Kisha akasema, "Mimi."

Ngumi ya kwanza niliisikia kabla sijaiona. Taya lilitoa mlio wa mti mkavu. Jogoo akaruka juu ya wanakwaya, Ebenezeri akaanguka juu ya matenga ya mayai, na Eliufoo akamkalia kifuani akaendelea, kushoto, kulia, akipiga kelele, "Unataka kumuua! Huyu naye unataka kumuua!" Damu ilichanganyika na ute wa mayai kwenye joho la mchungaji aliyejaribu kuwaachanisha. Wanaume wanane walimng'oa. Mmoja alipata kiwiko puani.

Kumpiga kaka mkubwa, kwao, si jambo la kulipia faini polisi. Kanisa lilimtenga. Ukoo uliketi siku hiyo hiyo ukasema asikanyage kihamba mpaka alete mbuzi na jani la sale, lile wanaloombea msamaha. Mbuzi alikuwa tayari kumtoa. Kilichomtoa roho ni Jumanne. Sifael ndiye angemwendesha mama kliniki, gari tupu, mvua, valvu wazi. Alimpigia simu mbele yangu.

"Sifael, zungusha kile kidude. Kifunge chote, kisha fungua mizunguko mitatu na nusu. Dakika moja tu."

"Bro, nimeambiwa nisiguse kitu," Sifael alisema. "Haya ni mambo ya wakubwa. Usinitafutie balaa."

"Mpeleke kwa gari lingine basi."

"Amekataa. Anasema gari la mume wake lipo."

Eliufoo aliweka simu mfukoni. Jumatatu saa tisa alasiri nilimwona anatoa nyundo ya kilo saba chini ya benchi. Nilijua inakokwenda, nikafunga kontena. Nilimfuata kwa kuwa valvu ilitoka kwangu, na kwa kuwa nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayeweza kumtukana akatulia.

Hakuleta mbuzi wala jani. Alipita getini, akapita chini ya migomba, akaifikia Landrova ya baba yake na kuanza. Pigo la kwanza lilipasua taa. La pili lilikunja boneti. Alikuwa anatafuta njia ya kufika kwenye silinda kuu, avunje breki kabisa, gari lisiweze kuondoka, na huku analia waziwazi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Gari lile alilijua tangu hajaota meno. Nilimshika shati, akanisukuma nikaanguka kwenye matope.

Ebenezeri alitoka ndani, taya limefungwa waya na uso umevimba, panga mkononi. Hakuweza kupiga kelele. Alimjia mdogo wake kimyakimya, akamkata begani kwa ubapa, mara mbili, kisha panga likageuka na mara ya tatu shati likafunguka na nyama ikaonekana. Eliufoo alimtia kichwa tumboni. Walianguka wote, wakagaagaa kwenye maji ya mvua, wakang'atana, wakashikana koo, na panga likapotea kwenye majani ya migomba. Aliyenyanyuka kwanza alikuwa Eliufoo. Nyundo ilikuwa karibu naye. Aliinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa cha kaka yake, na nikiapa naapa, ilikuwa inashuka.

"Ni mimi!"

Bibi Elinipendo alikuwa amesimama nje ya mlango. Mkononi ameshika mkasi wa kupogolea kahawa.

"Waya nilikata mimi, kwa huu mkasi. Kidude nilifungua mimi."

Nyundo ilitua kwenye matope, shubiri moja kutoka sikio lililopasuka.

"Tulikuwa tunashuka na ndizi," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Pale darajani, pale pale. Ebenezeri anakanyaga, gari halisimami upesi. Nikamwona tena yule mama wa parachichi. Miguu yake, Eliufoo. Nikasema sipandi tena mpaka zote zipate sawa. Ulisema za nyuma zinapata kidogo. Hakuna mtu ananyimwa maji mimi nikiwepo. Nikafungua. Na ndizi nyuma, Landrova ilisimama vizuri sana."

Kweli ingesimama vizuri. Ikiwa na mikungu sitini nyuma, tairi zimekandamizwa chini, valvu wazi ni raha tupu. Kosa lake lilikuwa kosa la mtu aliyegawa maji maisha yake yote, na aliyemfundisha mfano huo wa maji ni fundi mwenyewe.

"Nilikuambia vibaya, mama," Eliufoo alisema. Alikuwa amepiga magoti, damu inamtiririka mkononi. "Siyo maji. Likiwa tupu, nyuma kwepesi, ukipeleka presha nyingi kunateleza, gari linageuka. Lingegeuka na wewe."

"Basi kifunge," alisema Bibi.

Eliufoo alimgeukia kaka yake aliyekuwa bado chali, anahema. "Kwa nini ulisema ni wewe? Kaka, kwa nini hukuniambia ni mama?"

Ebenezeri alijiinua kwa kiwiko. Aliongea meno yamefungwa, kila neno likisukumwa kupitia waya.

"Ulimvunja Stella mkono," alisema. "Ningekuambia ni mama?"

Eliufoo alimtazama mama yake, na mimi ndipo nilipogundua Bibi hayupo tena mlangoni. Alikuwa amekuja nyuma yangu. Alikuwa amelishika gauni langu kiunoni kwa ngumi, kwa nguvu, namna mtu anavyoshika nguzo.

Eliufoo aliingia kwenye gari upande wa abiria, akafunga kile kidude hadi mwisho, kisha akaanza kukifungua, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nusu. Alipitisha waya mpya, akaupiga muhuri. Kesho yake Sifael alimpeleka mama kliniki kwenye mvua, Landrova ikiwa na jicho moja na boneti iliyokunjamana, na pale darajani ilisimama imenyooka.

Lakini hiyo ilikuwa kesho yake. Jumatatu ile Eliufoo alishuka garini, akaiacha nyundo ilipo, akamwambia mama yake, "Nimemaliza," na hakusogea hatua moja kuja kwake. Alijifunga bega kwa shati lake akaenda. Bibi hakuliachia gauni langu mpaka alipomwona ametoka getini. Nilitaka kumwambia hana sababu ya kumwogopa mwanawe, na maneno nilikuwa nayo, kwa miaka kumi na tisa nimewaambia wengine. Sikuyasema.